Masomo 44: kisa cha kupanga shahada ya kwanza ya afya ya jamii

Rasimu ilinifikia ikiwa lahajedwali moja: mihula minane, masomo 44, na safu ya mwisho yenye majina ya wahadhiri. Nilikuwa nimeombwa niisome kama mtu wa nje, nitoe maoni ndani ya wiki mbili, kisha iende seneti. Niliimaliza jioni moja, nikairudia, na kila nilipofika muhula wa tano nilihisi nimewahi kuiona mahali. Nikafungua mtaala wa uzamili wa kitivo hichohicho. Masomo 17 kati ya yale 44 yalikuwa na majina yaleyale. Manne yalikuwa na maelezo yaleyale neno kwa neno, ila palipoandikwa "kwa kina" pamefutwa na kuwekwa "misingi ya".

Wiki mbili zile zikawa miezi kumi na minne, nami nikaishia kuwa mjumbe wa kamati. Chuo sikitaji. Makosa nitakayoyaeleza ni ya kawaida, na mengine ni yangu.

Kwa nini rasimu ilifanana na uzamili

Elimu ya afya ya jamii ya kisasa ilianzia ngazi za juu. Mwaka 1915 William Welch na Wickliffe Rose waliandika ripoti iliyochora sura ya shule ya afya ya jamii, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikaanzisha shule ya kwanza ya namna hiyo nchini Marekani. Wanafunzi waliolengwa walikuwa watu wenye fani tayari, hasa madaktari, waliohitaji kujifunza kuitazama jamii nzima badala ya mgonjwa mmojammoja. Mwaka 1920 Charles-Edward Amory Winslow aliieleza afya ya jamii kuwa sayansi na sanaa ya kuzuia maradhi, kurefusha maisha na kukuza afya kwa juhudi za pamoja za jamii. Kwa miaka mingi waliofundishwa hiyo sayansi na sanaa walikuwa watu wazima waliotoka kazini.

Humo ndimo zilimokomaa nguzo tano ambazo karibu kila mtaala wa uzamili unazo: epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii na vyanzo vyake), takwimu za afya, afya ya mazingira, sera na uongozi wa huduma za afya, na sayansi za jamii na tabia. Shahada ya kwanza ilipewa uzito baadaye sana. Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2003 ndiyo iliyopendekeza waziwazi kwamba wanafunzi wote wa shahada ya kwanza wapate fursa ya elimu ya afya ya jamii, na vyuo vingi vikaanza kuandika programu baada ya hapo.

Sasa mchukue muuguzi mwenye miaka minane kazini anayesoma uzamili. Mhadhiri akitaja rejesta ya wagonjwa, muuguzi huyo anaiona: kurasa zilizokunjika pembe, safu ya umri iliyoachwa wazi, mwandiko wa mwenzake wa zamu ya usiku. Nadharia inapata pa kushika. Kijana wa miaka 19 akisikia neno hilohilo, anaandika "rejesta" kwenye daftari na kuendelea. Ukimpa mtaala wa yule muuguzi, hata ukiupunguza makali, utampa majibu ya maswali ambayo hajawahi kuulizwa. Hili ndilo lililokuwa kosa la rasimu, na mengine yote yalitokana nalo.

Halikuwa kosa la uvivu. Mkuu wa kitivo alikuwa ameandikia kila idara barua: leteni masomo mnayoweza kufundisha. Idara zikaleta. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, kwa hiyo idara yenye wahadhiri sita ilileta masomo kumi na mawili, na idara yenye wahadhiri wawili ikaleta manne. Mtu ukiitazama rasimu ungejua nani ameajiriwa pale. Mhitimu atakuwa nani hukuweza kujua.

Swali la mwezi wa kwanza

Katika kikao changu cha kwanza niliuliza: mhitimu wetu akiajiriwa leo, mwezi wa kwanza atapewa kazi gani? Pakawa kimya. Mmoja akajibu, "Atachambua sera." Mwenzake akacheka, akasema, "Profesa, wewe mwenyewe walikuachia kuchambua sera ukiwa na miaka mingapi?"

Tukakubaliana kwenda kuwauliza wanaoajiri. Tulitembelea sehemu kumi na moja: ofisi za afya za serikali, mashirika yanayoendesha miradi, maabara moja, kitengo cha usalama kazini cha kiwanda kimoja. Maswali yalikuwa mawili tu. Kijana mwenye shahada ya kwanza mnampa kazi gani siku thelathini za mwanzo? Na kitu gani hukifanya vibaya mpaka mnalazimika kukirudia?

Majibu ya swali la kwanza yalirudi yakifanana mno. Kusafisha data zilizokusanywa na watu wengine. Kufuatilia taarifa za kila wiki kutoka vituoni na kupiga simu pale zisipofika. Kuongozana na timu ya kutembelea kaya. Kuandaa mkutano na jamii na kuandika mihtasari yake. Kutengeneza bajeti ya shughuli ndogo. Hakuna aliyetaja kubuni utafiti wa majaribio, somo ambalo kwenye rasimu lilikuwa na muhula mzima.

Swali la pili ndilo lililotuamsha. Wengi walisema: hawezi kuandika kurasa mbili. Anaweza kuandika kurasa hamsini za tasnifu, lakini mpe kurasa mbili za kumweleza mkuu wa ofisi nini kimetokea, wapi, kwa akina nani, na afanye nini kesho, anakuletea historia ya ugonjwa tangu ulipogunduliwa. Mama mmoja aliyekuwa akiongoza kitengo cha ufuatiliaji wa magonjwa alitoa karatasi mezani, akaigeuza upande wetu. Ilikuwa ripoti ya kijana wake. Sentensi iliyotakiwa kuwa ya kwanza, ile ya idadi ya wagonjwa kuongezeka maradufu ndani ya siku tano, ilikuwa katikati ya ukurasa wa nne.

Tuliporudi kamati nzima ilitaka kugeuza programu iwe orodha ya stadi za ofisini. Hapo mhadhiri wa siasa za afya, mtu mpole asiyesema mara nyingi, akatuzuia. "Mkimfundisha kujaza fomu, fomu ikibadilika mmemmaliza." Alikuwa na haki. Waajiri wanakueleza kazi ya leo. Hawana wajibu wa kufikiria miaka ishirini ijayo, chuo kinao. Tukaamua kila umahiri tutakaoandika uwe na sehemu mbili: jambo ambalo mhitimu atalifanya kwa mikono yake, na hoja ambayo ataweza kuitetea kuhusu jambo hilo. Asafishe data, na aeleze ni watu gani hawamo kwenye data hiyo na kwa nini. Aandae mkutano, na aeleze nani hakuja. Tuliishia na maumahiri tisa. Yalikuwa yameanza 31.

Jedwali

Kisha tukalitengeneza jedwali la mtaala: masomo upande mmoja, maumahiri tisa upande wa pili, na kwenye kila chumba herufi moja kati ya tatu. T kama umahiri unatambulishwa, Z kama unazoezwa, P kama unapimwa kwa kazi yenye alama. Ni zoezi la kuchosha. Lilitula vikao vitatu, na mhadhiri mmoja aliondoka katikati ya cha pili akidai ana darasa.

Lakini lilitoa siri. Mawasiliano na jamii yalikuwa na T kumi na moja. Kila mhadhiri alikuwa ameyagusia kwenye muhtasari wa somo lake, kwa sababu yanapendeza kuandikwa. Z zilikuwa mbili. P hakuna hata moja. Kwa maneno mengine, mwanafunzi angeambiwa mara kumi na moja kwamba kuzungumza na watu ni muhimu, kisha angehitimu bila mtu yeyote kumsikiliza akizungumza. Upande wa pili, kukokotoa viwango vya vifo na maradhi kulikuwa na P saba. Tulikuwa tunapima mara saba kile tunachojua kukisahihisha kwa urahisi.

Tukapata na jingine ambalo hatukulitafuta. Rasimu ilihesabu saa za darasani tu. Nikapendekeza tuazime njia ya vyuo vya Ulaya, ambako krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na mwaka mzima una krediti 60. Tulipoupima muhula wa tano kwa mizani hiyo, masomo saba yenye saa nne za darasani kila moja yalifanya saa 28 kwa wiki. Weka saa moja tu ya kujisomea kwa kila saa ya darasani, ni 56. Hapo hajaenda kokote kuona jamii yoyote. Masomo yakashuka kutoka 44 hadi 33, na kwa kweli mengi hayakufutwa bali yaliunganishwa. Kemia ya muhula wa pili ilifutwa kabisa. Anatomia na fiziolojia zikawa somo moja, na kuna mtu hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo.

Takwimu kwanza, au mlipuko kwanza?

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mpangilio. Rasimu iliweka takwimu muhula wa pili na wa tatu, epidemiolojia muhula wa nne. Mhadhiri wa takwimu alishikilia hivyo: mtu asiyejua takwimu hawezi kuelewa epidemiolojia. Mimi niliona kwamba mwanafunzi akikaa mwaka mmoja na nusu bila kukutana na mlipuko hata mmoja wa ugonjwa, atakuwa amesahau alikuja kusoma nini. Tukabishana vikao viwili. Mwishowe nikaomba saa mbili na wanafunzi kumi na wawili wa mwaka wa kwanza kutoka programu nyingine, nikawapa kisa cha Oswego.

Kisa hiki kinajulikana na kila aliyefundisha somo hili. Aprili 1940, katika Wilaya ya Oswego, jimbo la New York, watu waliokula chakula cha jioni kanisani waliugua tumbo. Wachunguzi waliwahoji 75, na 46 walikuwa wameugua. Kila mmoja aliulizwa alikula nini. Wanafunzi wangu niliwapa orodha ya watu 75 ikiwa ghafi, bila kuwafundisha neno lolote, nikawaambia: tafuteni chakula kilicholeta balaa.

Kwanza walihesabu wagonjwa. Wagonjwa waliokula aiskrimu ya vanila, 43. Waliokula nyama ya nguruwe ya kuokwa, 29. "Vyote viwili vinatia shaka," wakasema. Wakakwama hapo kwa karibu dakika kumi, nami nikauma ulimi. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza, tena kwa sauti ya chini kama anayeogopa kuchekwa: "Na wale ambao hawakula?"

Basi, mlango ukafunguka. Walioila nyama walikuwa 46, wakaugua 29, yaani asilimia 63. Wasioila walikuwa 29, wakaugua 17, yaani asilimia 59. Nyama haikuwa na tofauti ya kutajika. Walioila aiskrimu walikuwa 54, wakaugua 43, karibu asilimia 80. Wasioila walikuwa 21, na waliougua ni watatu tu, asilimia 14. Hapo darasa lilipiga kelele.

Mhadhiri wa takwimu alikuwa ameketi pembeni akiandika, na alichokiandika ndicho kilichomaliza ugomvi. Hakuna mwanafunzi aliyeshindwa kwa kukosa takwimu. Walioshindwa, na walikuwa watano, walishindwa kwenye sehemu: walijua 43 iwe kiasi, hawakujua asili iwe nini. Wawili waligawa kwa 46, wagonjwa wote. Watatu waligawa kwa 75, watu wote. "Hawa wanahitaji kujua wanamgawa nani kwa nani," akasema. "Kupima dhana kitakwimu kutakuja baadaye." Kisha akaongeza swali ambalo mimi sikulifikiria: watakapomaliza kuona 80 na 14, je, watauliza kama tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu? Hilo ndilo somo lake, na sasa lina mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo muhula wa kwanza ukapewa somo la uchunguzi wa milipuko, na takwimu zikaingia muhula wa pili zikitumia data zilezile. Yeye ndiye aliyeandika mihtasari ya masomo yote mawili. Nilidhani nimeshinda mabishano, lakini ukiusoma muhtasari wake utaona ametengeneza kitu bora kuliko nilichokuwa napigania.

Fildi

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wote huyaita fildi, yalikuwa yamepangwa muhula wa nane, wiki kumi na mbili kwa mpigo. Kwenye karatasi yalipendeza. Nikauliza: mnadahili wangapi kwa mwaka? Themanini. Mna barua za sehemu ngapi zilizokubali kupokea wanafunzi? Tisa. Kila sehemu inaweza kusimamia wangapi kwa wakati mmoja bila kuwageuza watu wa kutoa nakala? Wanne, kwa ukarimu. Nne mara tisa ni 36. Wanafunzi 44 hawana pa kwenda, na bado hatujaondoa ile sehemu ambayo barua yake ilisainiwa na mtu aliyekwisha kustaafu.

Jibu la ofisi ya fedha lilikuwa kwamba udahili haushuki. Jibu la kwanza la kamati, nalo nalikumbuka kwa aibu kwa sababu niliunga mkono, lilikuwa kuwaruhusu wanafunzi wajitafutie nafasi wenyewe. Mwenzetu mmoja aliyewahi kuratibu fildi kwingineko akatuambia kinachofuata: mwenye mjomba ofisini anapata ofisi nzuri, asiye na mtu anakaa miezi mitatu kwenye benchi la mapokezi. Ukifundisha kwa miaka minne kwamba afya ya mtu huamuliwa na hali aliyozaliwa nayo, kisha ugawe mafunzo kwa undugu, wanafunzi watajua umeamini lipi.

Tukaikata fildi vipande. Wiki mbili mwaka wa kwanza, za kutazama tu: mwanafunzi anafuata taarifa moja ya ugonjwa kutoka kituo inapoandikwa hadi ofisi inaposomwa, na anaeleza ilipotea au ilichelewa wapi. Wiki tatu mwaka wa pili, na timu ya kaya. Wiki nne mwaka wa tatu, akiwa na kazi moja ndogo ambayo ofisi yenyewe imeiomba. Wiki sita za mwisho kwa mradi. Jumla ni kumi na tano badala ya kumi na mbili, lakini kwa kuwa makundi yanapishana kwenye kalenda, na wanaotazama tu wanahitaji msimamizi kwa saa chache, sehemu tisa zilianza kutosha kwa udahili wa wanafunzi 40. Arobaini, si themanini. Ofisi ya fedha ilipinga hadi mkuu wa kitivo alipowapelekea hesabu ile ya 36, iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi moja, bila barua.

Seneti

Seneti haikuuliza chochote kuhusu takwimu wala fildi. Iliuliza: hawa watakuwa madaktari? Ni swali la haki, kwa kuwa wazazi wataliuliza pia, na wanafunzi wengine huichagua shahada hii kama kituo cha kungojea tiba. Tulijibu kwamba hawatakuwa na leseni ya kutibu mtu, na tukaomba jambo hilo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa tangazo la udahili, kabla ya ahadi nyingine yoyote. Mjumbe mmoja aliona tunajivunjia soko. Huenda.

Maadili nayo yalizua mjadala mfupi. Sisi tulikuwa tumeondoa somo la maadili linalojitegemea na kuyaweka ndani ya kila fildi, kwa hoja kwamba kijana anayekaribia kuingia nyumbani kwa mtu na fomu anayaelewa vizuri zaidi kuliko aliyekaa darasani. Seneti ikarudisha somo. Sikukasirika sana. Kitu kilichowekwa kila mahali mara nyingi hakisimamiwi na mtu, na lile jedwali lilikuwa limekwisha kutuonyesha kisa cha T kumi na moja.

Programu ilipitishwa kwa masharti mawili. La kwanza, kupata sehemu tatu zaidi za fildi kabla ya kundi la tatu kuanza, limetimizwa. La pili halijatimizwa. Somo la uandishi wa kurasa mbili, lile lililotokana na karatasi ya yule mama, liko muhula wa sita, lina maelezo mazuri na kazi nane za kusahihishwa kwa kila mwanafunzi. Safu ya mwisho ya lahajedwali, ya jina la mhadhiri, iko wazi. Kila mhadhiri aliyeombwa amezidisha nane kwa arobaini, akapata 320, kisha akasema ana darasa.